Ukimya Nyuma ya Ukuta

Hata leo umeme ukikatika sikai kusubiri. Natoka kwanza barabarani, nasimama, nasikiliza. Kama redio ya muuza duka inaongea, kama mashine ya kinyozi inanguruma, basi najua tatizo ni la kwangu peke yangu, na narudi ndani mbio. Wanangu huvunjika mbavu kwa kicheko. Wanasema mama yao anakagua mtaa kama askari wa zamu. Nawaacha wacheke, maana wao hawakuwepo siku ile niliyotumwa mkaa.

Nilitoka na gunia tupu, jasho likinitiririka, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunachemsha maji tangu adhuhuri. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto, macho mekundu kwa moshi. Feni ya mashine ya vifaranga ilikuwa imenyamaza, na joto la ndani lilikuwa linashuka polepole. Nilipopita kwa kinyozi nikasikia mngurumo. Nikasimama. Kichwa cha mteja kilikuwa kimeinama, nywele zinadondoka, na ile mashine ya kunyolea inaimba kama kawaida yake.

"Umerudi saa ngapi?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Umeme."

Kinyozi akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Leo haujakatika, dada. Nanyoa tangu asubuhi."

Mama yangu alikuwa anawaangulia watu vifaranga. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha na kunisomesha baada ya baba kufariki. Wafugaji walileta mayai yao, mama akayapanga kwenye mashine, na baada ya wiki tatu wakaja kuchukua vifaranga vinavyolia ndani ya maboksi. Mashine yenyewe ilikuwa friji bovu, refu, lililochunika rangi, lililogeuzwa matumizi. Badala ya kupoza, sasa lilitia joto. Ndani lilikuwa na balbu, feni, trei za waya, na chini kulikuwa na kidroo cha kuwekea maji, kinachovutwa bila kufungua mlango.

Aliyeliunda ni Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilitenganishwa na nyumba yetu kwa ukuta mmoja tu. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelitumia, hata mkewe. Alikuwa rafiki mkubwa wa baba, ndiyo maana mama alimwita shemeji na mimi nikamwita baba mdogo. Baba alipofariki, watu wengi walituahidi mengi na kisha wakawa adimu. Cheche hakuahidi kitu. Siku moja alisukuma mkokoteni hadi mlangoni, juu yake lile friji limefungwa kamba, akasema, "Shemeji, usilidharau hili kabati. Litakulisha wewe na mwanao."

Alikataa malipo, hata ya misumari. Alivuta nyaya mwenyewe. Mita yetu ilikuwa nje, nyuma ya nyumba, inapigwa na mvua, naye akaitengenezea kisanduku cha chuma chenye kijimlango, akakipaka rangi ya kijani. Mama alimtaja kwenye sala zake kila siku. Mimi nilimpenda kwa utani wake. Alikuwa akiniona nimebeba trei ya mayai ananiita "mama kuku," na mimi namjibu, jogoo gani huyu mwenye masizi puani.

Ipo kanuni moja katika kazi ya kuangua ambayo haina mjadala. Siku tatu za mwisho mlango wa mashine haufunguliwi. Vifaranga vinaanza kutoboa maganda, na vinahitaji joto na unyevu. Ukifungua, hata kwa kuchungulia tu, unyevu unatoka, utando wa ndani ya yai unakauka, na kifaranga kinabanwa humo kama mtu aliyekaukiwa na shati mwilini. Kinafia mlangoni pa dunia. Mama aliziita siku za kufunga. Katika siku hizo hata wageni aliwapokea kwa sauti ya chini.

Na ilikuwepo kanuni nyingine ambayo tulijitungia wenyewe bila kujua. Umeme ukikatika, mama hakwenda kuangalia taa wala mita. Alisikiliza ukuta. Kwa Cheche hakukuwa na utulivu mchana kutwa, chuma kinasagwa, chuma kinachomwa, chuma kinapiga mayowe. Mayowe hayo yakikatika ghafla pamoja na feni yetu, mama alikuwa anasema, "Umekatika mtaani. Hata Cheche kanyamaza." Kisha tunawasha jiko, tunamimina maji ya moto kwenye kile kidroo cha chini, tunaifunika mashine kwa mablanketi, tunangoja. Mara nyingi ulirudi mapema.

Ndivyo tulivyofanya siku ile. Mayai yalikuwa ya mkunga mstaafu, bibi mmoja mnyoofu wa mgongo na wa maneno, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Ilikuwa katikati ya siku za kufunga. Feni ikanyamaza, na nyuma ya ukuta lile gurudumu la kukatia vyuma likafa katikati ya mlio. Baada ya muda mfupi Cheche mwenyewe akaja, anafuta mikono kwenye suruali.

"Umekatika, shemeji," akasema. "Na sijui utarudi lini."

"Na mayai ya bibi ndiyo haya yanataka kutoka," mama akasema.

"Wezi wa umeme hawa. Wanajiunganishia ovyo, wanaulemea mtambo, halafu tunaoumia ni sisi tunaolipa." Akatikisa kichwa kwa uchungu, akachukua sufuria mikononi mwa mama. "Lete, nitabeba mimi. Wewe utaungua."

Akabeba maji ya moto mchana kutwa. Nakumbuka alivyokuwa anapiga goti kila mara mbele ya kile kidroo, anamimina taratibu, mvuke unampanda usoni. Mara moja aliweka sikio kwenye mlango wa mashine, akatabasamu, akaniambia, "Vinagonga humu ndani, mama kuku. Njoo usikie." Nikaenda, nikasikia. Vilikuwa hai.

Kutoka kwa kinyozi sikufika kwenye mkaa. Nilikimbia hadi nyuma ya nyumba, nikafungua kile kijimlango cha kijani. Kioo cha mita kilikuwa kinawaka. Kilionyesha sifuri.

Mama alikwenda kununua umeme akiwa na kanga ya jikoni, mguu mmoja umevaa kandambili na mwingine kiatu. Cheche alikuwa ameshaondoka, alisema anaitwa na mteja. Feni iliporudi kuzunguka tulikaa chini mbele ya mashine. Siku ya kufungua, tulipata vifaranga vichache vyenye miguu legelege. Vingine vyote vilikuwa vimekufa. Vibaya zaidi kuvitazama vilikuwa vile ambavyo mdomo ulikuwa umeshatoboa ganda, umetokeza nje kidogo, mweupe, umekauka.

Bibi mkunga alikuja na maboksi yake, akarudi nayo. Hakufoka. "Nitakuletea mayai mengine," alimwambia mama. "Hayo nayo yakifa, mwanangu, tusilaumiane. Nitawaambia wenzangu watafute pengine." Mama akaitika, "Sawa, bibi," kwa sauti ya mtoto wa shule. Sote wawili tulijua maana yake. Wafugaji wote wa pande zile walimfuata bibi yule alikokwenda. Akihama yeye, mashine yetu inarudi kuwa friji bovu.

Usiku huo mama hakula. Alikuwa amenunua umeme wa kutosha siku chache tu kabla, na hakuweza kuelewa umekwenda wapi. Akafikiri kama mwangua vifaranga anavyofikiri. Kama umeme unaisha haraka, maana yake balbu zinawaka bila kupumzika. Kama balbu hazipumziki, maana yake joto linatoka. Kama joto linatoka, maana yake mlango unafunguliwa. Na mtu wa kuufungua alikuwa mmoja.

"Ulichungulia," aliniambia.

"Sikuchungulia, mama."

"Nilipokwenda sokoni. Ulitaka kuona vinavyotoka."

"Haki ya Mungu, mama, sikuugusa."

"Mita haina sababu ya kunidanganya." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kama mtu aliyechoka, aliyeamua kunisamehe kitu ambacho sikukifanya. Mama alikuwa ndiye mtu pekee niliyekuwa naye, na sasa alikuwa ananitazama pembeni.

Mayai ya pili yakaja. Mama alizungushia mlango wa mashine ukanda wa mpira wa tairi, akaziba nyufa kwa nta ya mshumaa, akafunga mlango wa chumba kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Kila asubuhi alikwenda kuisoma mita, na kila asubuhi alirudi uso umesawijika. Umeme ulikuwa unateremka vilevile. Akaongeza nta. Akauza cherehani yake ili tusije tukakatikiwa tena. Alikuwa anaamka kwenye usingizi na kuuliza, "Inazunguka?" Namjibu, "Inazunguka, mama." Tukawa tunaishi roho mkononi kwa ajili ya sauti ya feni.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu, na sikuwa na pa kuupeleka. Kinyozi alikuwa na umeme siku ile. Muuza duka alikuwa nao. Sisi hatukuwa nao kwa sababu wetu ulikwisha. Je, Cheche alinyamaza kwa nini?

Nililigeuza swali hilo kila upande, nikitafuta jibu la kumwokoa. Labda mashine yake iliharibika. Labda alichoka. Lakini alikuja mwenyewe akasema umekatika. Nilijaribu kumwambia mama, nikaishia kusema, "Baba mdogo..." akanikatiza, "Baba mdogo amefanyaje? Bila yeye tungekuwa wapi?" Mtu aliyekwisha kuitwa mwongo hawezi kumsema mtu anayeombewa kwenye sala.

Siku za kufunga zikaingia. Siku ya pili yake mama akatoka tena kwenda kununua umeme, akaniacha na mashine iliyofungiwa chumbani na karakana inayopiga mayowe nyuma ya ukuta. Nilijua kipimo kilikuwa kimoja tu. Nikizima kila kitu ndani kwetu, mita lazima itulie. Kijitaa chake chekundu kilikuwa kinakonyeza kadiri umeme unavyotumika. Lakini kuzima kila kitu ni kuzima na mashine, katika siku za kufunga, mayai ya bibi yakiwa yanatoboa. Mlango ukiwa umefungwa joto lingehimili muda mfupi. Nilijua. Mama ndiye aliyenifundisha. Nikaweka mkono juu ya swichi kuu pale ukumbini.

Nikashusha.

Feni ikanyamaza. Sijawahi kuogopa kimya kama nilivyokiogopa kile. Nikakimbia nyuma ya nyumba, nikafungua kijimlango cha kijani.

Kijitaa kilikuwa kinakonyeza.

Nyumbani kwetu hakukuwa na balbu, feni wala redio iliyokuwa inafanya kazi, na mita yetu ilikuwa inahesabu. Nyuma ya ukuta gurudumu la Cheche liliposhika chuma, kijitaa kikaenda mbio kama moyo wa mtu anayefukuzwa. Liliponyanyuka, kikapumzika. Likashika tena, kikakimbia tena. Nikainama. Ndani ya kile kisanduku, nyuma kabisa, upande ambao mtu haoni asipoingiza kichwa, waya mweusi ulikuwa umeteremka, ukaingia ardhini, ukielekea ukutani.

"Umezima?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amepita ndani na kukuta kimya. Uso wake sitausahau. Mkono ulikuwa umeshapanda hewani kunipiga.

"Umezima mashine? We mtoto, umenizimia mashine?"

"Tazama, mama." Sikujikinga. Nilisogea tu ili aone. "Nimezima kila kitu. Ndani kwetu hakuna kinachowaka. Tazama."

Akatazama. Gurudumu likashika chuma. Kijitaa kikakimbia. Mkono wake ulibaki juu kwa muda, kana kwamba ameusahau, kisha ukashuka taratibu na kushika ukingo wa kile kisanduku alichotengenezewa bure.

Aliingia ndani, akapandisha swichi, akaweka sikio kwenye mlango wa chumba hadi feni ilipozunguka sawasawa. Hapo ndipo akajifunga kanga vizuri, akazunguka ukuta, nami nikimfuata.

Cheche alipotuona alinyanyua kinyago chake cha kuchomelea, akaanza kutabasamu. Tabasamu halikufika mwisho.

"Shemeji," mama akasema, "umeme wako unatoka wapi?"

Alituangalia mmoja baada ya mwingine. Alizima mashine. Kimya kikaingia karakanani. "Walinikatia wangu zamani," akasema. "Nilikuwa na deni. Niliuchukua wako kwa muda tu, nijiweke sawa. Kisha siku zikaenda. Nilitaka kukwambia, shemeji."

"Siku ile ulibeba maji ya moto."

Akainamisha kichwa.

"Ulikuwa unajua kwamba haujakatika. Ulikuwa unajua ni wangu umeisha. Ulipiga magoti pale ukasikiliza vifaranga, ukamwita na mwanangu aje asikie." Sauti ya mama ilikuwa ndogo mno. "Si ungeniambia tu, shemeji, kanunue umeme?"

"Ningekwambiaje?" Alifuta uso kwa mkono wenye masizi, akajipaka mengine. "Ungeniuliza nimejuaje."

Nilitegemea mama apige kelele, aite watu. Mimi mwenyewe nilitaka kumrukia. Nilimchukia kwa chuki ya mtoto aliyempenda mtu sana. Kwa sababu yake mama aliuza cherehani. Kwa sababu yake mimi nilikuwa mwongo ndani ya nyumba yetu.

"Mashine nilikuundia bure," akasema Cheche, kama anayejitetea mbele ya mtu ambaye hayupo. "Sikukudai hata msumari."

"Ungenidai," mama akasema. "Ningekulipa nikajua nimelipa. Hivi nimekulipa wewe, nimelipa na mayai ya watu, na sijui hata bei yake ilikuwa ngapi." Akaigeukia mashine ya kukatia vyuma. "Usiwashe chochote mpaka vifaranga vitoke. Vikitoka, utakuja mwenyewe mchana, watu wakiona, uuchimbue waya wako. Usipokuja, nitawaita wenye umeme waje wauchimbue wao."

Cheche alikuwa na geti la mtu, nusu limeungwa, limesimama ukutani. Akalitazama, akavua kinyago.

"Sawa, shemeji," akasema. Mama alikuwa ameshageuka.

Mchana wote uliobaki, na usiku wake, nilitega sikio ukutani. Nilikuwa nimezoea kuogopa ukimya ule, na sasa nilikuwa nauomba uendelee. Kila alipoangusha kitu, roho iliniruka. Hakuwasha. Asubuhi mita ilikuwa imeshuka kidogo tu, kiasi ambacho mashine moja na balbu moja ya ukumbini vinaweza kula. Mama aliisoma, akasimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaja ndani akabandua nta yote aliyoipaka, kipande kwa kipande, akaitupa jikoni.

Siku ya tatu, ya mwisho, alijitayarisha kwenda kwa bibi mkunga kumwambia alete maboksi. Alikuwa amefika mlangoni alipogeuka. Akavua ule uzi shingoni, akanivisha mimi. Ufunguo ulikuwa na joto la mwili wake.

"Kaa nayo chumbani," akasema. "Usiiache peke yake."

Nikafungua kufuli, nikaingia, nikakaa sakafuni mbele ya mashine. Feni ilikuwa inazunguka. Mle ndani kulikuwa na sauti ya kugonga, kisha mlio mwembamba, kisha mwingine, kisha fujo ya milio inayopandiana. Vilikuwa vinatoka. Mlango ulikuwa mbele yangu, na tangu nianze kumsaidia mama sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuuvuta kidogo tu, nione. Hakuna ambaye angejua. Nilikalia mikono yangu.

Mama alirudi jua limeinama, vumbi limempaka hadi magotini. Aliingia chumbani na viatu vyake. Alikaa chini kando yangu, bega lake likigusa langu, akasikiliza vifaranga vya watu vinavyolia ndani ya lile friji. Nilijitayarisha kwa swali lake, jibu likiwa tayari mdomoni.

Hakuniuliza kama nilifungua.